Tupeane uzoefu: historia inapogongana na jukwaa

Mtunzi wa Kayole: Ninaandika tamthilia kuhusu Muthoni Nyanjiru na maandamano ya 16 Machi 1922, watu walipodai mwanaharakati Harry Thuku, aliyekamatwa na serikali ya kikoloni, aachiliwe. Maneno yake yaliyohifadhiwa ni machache mno, nami nahitaji maonyesho mawili kabla hajapigwa risasi. Wenzangu mmezibaje pengo la namna hiyo?

Pazia Jekundu: Mbunie jirani wa kuzungumza naye. Mimi hufanya hivyo na bado sijashtakiwa.

Mwigizaji Mstaafu: Mmenikumbusha fedheha. Niliigiza Meinertzhagen, ofisa Mwingereza, katika mchezo kuhusu Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi aliyemuua, na mwandishi alikuwa amempa Koitalel hotuba ndefu ya kuaga baada ya risasi kumpata. Nimesimama na bastola yangu ya mbao, rangi yake ikinibandukia kiganjani kwa jasho, mara mzee mmoja akainuka safu ya pili na kuuliza: “Vijana, mtu aliyeitwa kwenye mapatano akauawa papo hapo, hiyo hotuba aliitoa saa ngapi?” Ukumbi ulilipuka kwa kicheko, na marehemu wetu, badala ya kutulia, akainua kichwa na kumjibu, “Mzee, subiri, namalizia.”

Pazia Jekundu: Namalizia! Huyo marehemu anastahili tuzo.

Mwalimu wa Fasihi: Mzee alikuwa na haki. Hotuba ingewekwa usiku wa kuamkia 19 Oktoba 1905, siku aliyouawa, wakati Koitalel akishauriana na wazee wake iwapo aende.

Kiingilio Mlangoni: Watazamaji hawalipi kusikiliza kipindi cha historia, Mwalimu.

Mwalimu wa Fasihi: Basi buni shujaa wako mwenyewe. Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau, alihukumiwa kifo kwa kupatikana na bastola. Ukimtungia shtaka la uhaini ili kesi inoge, umewafichia watazamaji jinsi mahakama ya kikoloni ilivyofanya kazi.

Kiingilio Mlangoni: Mtunzi Ebrahim Hussein alitangaza wazi kwamba Kinjeketile wake, kiongozi wa vita vya Maji Maji, ni wa kubuni, na mchezo ungali unasomwa.

Mwalimu wa Fasihi: Alitangaza. Wewe umetangaza wapi?

Mtunzi wa Kayole: Tafadhali, turudi kwa Nyanjiru. Masimulizi yanasema walowezi nao walifyatua risasi kutoka baraza ya hoteli ya Norfolk, Nairobi, ambayo leo inatazamana na Ukumbi wa Kitaifa wa Michezo ya Kuigiza. Niwape sura, au zisikike risasi tu?

Mwigizaji Mstaafu: Risasi tu. Na ukimwangusha mtu, mkataze kujibu maswali.