Mjadala: Je, wachuuzi wa Arusha waondolewe barabarani kabla ya AFCON 2027?

Mtoa mada

Ndugu wachangiaji,

Tangu Septemba 2023, Kenya, Tanzania na Uganda zilipopewa kwa pamoja uenyeji wa AFCON 2027, yaani Kombe la Mataifa ya Afrika la soka, mazungumzo yetu hapa Arusha yamekuwa ya uwanja tu: umefikia wapi, paa limekaaje, utabeba watu wangapi. Uwanja huo wa Olmoti, wa watazamaji takriban 30,000, ni kazi ya Serikali Kuu na mkandarasi wake kutoka China, nami sina la kuongeza. Ninachotaka tujadili ni kile kilichobaki mikononi mwa Halmashauri ya Jiji, ambacho si kikubwa kama wengi wanavyodhani, kwa kuwa hata barabara za mitaa zilihamishiwa TARURA, Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, tangu 2017. Halmashauri imebaki na masoko, usafi, leseni, ushuru, na watu wanaouza kando ya njia atakayopita mgeni. Msimamo wangu ni kwamba watu hao wasiondolewe, na kwamba kiongozi anayesema watapangwa "muda ukikaribia" ameshaamua kuwaondoa, maana muda ukikaribia hakuna kupanga tena, kuna mgambo na gari la kubebea meza.

Tulishaona mwishoni mwa 2021, machinga walipohamishwa katika miji karibu yote nchini. Nia ilikuwa kupanga mji, lakini palipotengwa maeneo yasiyopitiwa na wateja, vizimba vilibaki vitupu na wenyewe wakarudi barabarani kidogo kidogo, mtaji ukiwa umeshaliwa.

Atakaye kujua nani ameanza kuihudumia AFCON kabla yetu sote aende jirani na uwanja saa kumi na mbili asubuhi. Yupo mama anayekaanga chapati chini ya turubai la bluu, ndoo ya chai ameifunika kwa sinia, na vibarua wa ujenzi wanapanga foleni kofia ngumu zikiwa kichwani; wengi hawatoi hela, wanataja jina tu naye anaandika kwenye daftari, kwa sababu malipo yao ni Jumamosi. Uwanja utakapokamilika, je, mama huyu ni mhudumu au ni uchafu?

Sheria inaitaka halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Napendekeza sehemu ya fedha hizo iende sasa kwa vikundi vya mama lishe walio katika njia za uwanjani, wapate mabanda ya aina moja, maji na pa kumwaga taka, na majina yao yaandikwe mapema.

Mchangiaji wa kwanza

Ndugu mtoa mada, umeandika kwa huruma, lakini huruma haipitishi gari la wagonjwa. Agosti 2025, wakati wa CHAN, michuano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, mashabiki wasio na tiketi walivamia uwanja wa Kasarani, Nairobi, na CAF, Shirikisho la Soka Afrika, ikaamuru watazamaji wapunguzwe hadi 27,000. Unataka tuongeze majiko ya mkaa katikati ya msongamano wa namna hiyo? Halafu mimi nina duka. Nalipa pango, leseni na kodi, huku mwenzangu ametandika bidhaa zile zile kwenye ngazi yangu. Huyo naye atapewa banda?

Mtoa mada

Kuhusu ngazi za duka lako sina ubishi. Hiyo ni kero ya haki na haihitaji AFCON ili itatuliwe. Aidha, nakubali kwamba njia ya zimamoto na wagonjwa iwe wazi kabisa. Ila ya Kasarani yalikuwa matatizo ya mageti na tiketi, si ya muuza chapati.

Itazame Durban. Mwaka 2009, wakati Afrika Kusini ikijiandaa kwa Kombe la Dunia, manispaa ya eThekwini, inayosimamia Durban, ilitaka kulibomoa soko la alfajiri la Warwick, lililokuwapo tangu 1910, ili pajengwe jengo la maduka. Wachuuzi waligoma kuondoka, wakapigwa na polisi, mawakili wakaenda mahakamani, na jengo lile halikujengwa. Kombe la Dunia lilichezwa, na soko bado lipo.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni eneo la kuzunguka uwanja ambalo waandaaji wa mashindano makubwa hulitenga kwa biashara za wadhamini wao pekee. Mpaka wake ukishachorwa, diwani hana tena la kusema. Kwa hiyo, yeyote aliyehudhuria mkutano wa kata, Olmoti au Muriet, ambako mpaka huo ulitajwa, atueleze unapita wapi, na kama turubai la bluu liko ndani au nje.