Baba mkubwa, mgambo aliyefia Uganda 1979: tumjengee kaburi Mpwapwa?

Mwana_Gulwe:
Mbukwenyi wadau. Naomba mawazo, hasa kwa wenye ndugu waliopigana vita vya Kagera.

Baba mkubwa hakuwa askari wa kuajiriwa. Alilima karanga na mtama hapa Mpwapwa, na mafunzo ya mgambo aliyapata kijijini, jioni, kwa bunduki za mbao. Amin alipovamia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978 wakaitwa JKT, polisi, magereza na hao mgambo. Alipanda treni Gulwe na katambuga zake mguuni na blanketi la babu begani. Shangazi anasema alimwachia bibi agizo moja tu: yule beberu mweupe asiuzwe mpaka arudi. Machi 1979 amefia Uganda, ndiyo taarifa tuliyoletewa. Basi. Mwili haukuja, wala hakuna aliyetuambia kazikwa wapi.

Bibi alikataa matanga mpaka naye akaondoka. “Sijamwona,” ndilo lilikuwa jibu lake. Sasa tunajengea kaburi lake, na baba anataka pembeni tuweke la kaka yake, tupu, lenye jina. Wazee wawili wa ukoo wamegoma: eti kaburi lisilo na mtu huita mtu. Mimi niko upande wa baba. Vijana wa siku hizi ukiwatajia mgambo wanamwona yule wa kumwaga ndizi za akina mama stendi. Nataka wapite hapo wasome.

Kuna aliyewahi kufanya hivi? Na nikitaka kujua kama yuko Kaboya, kwenye makaburi ya mashujaa wa vita hivyo, nianzie wapi?

Kondoa_Irangi:
Pole sana ndugu. Machi hiyo huenda ni mapigano ya Lukaya, huko Uganda, ingawa sikuhakikishii. Mzee wangu alikuwepo, tarehe 10 na 11. Brigedi ya 201 ilijaa mgambo. Roketi za Walibya waliokuja kumsaidia Amin zilipoanza kupita juu ya ile barabara ya kwenye kinamasi, watu ambao hawajawahi kusikia kitu kama kile walitawanyika. Usiku wakajikusanya. Kesho yake Brigedi ya 208 ikazunguka ikapiga ubavuni, nao 201 wakapiga kwa mbele. Mzee hukasirika mtu akisimulia kukimbia akaishia hapo.

MamaChikande:
Kaboya iko Muleba na ni eneo la jeshi, hakuingiliki kama mnadani. Anza kwa mshauri wa mgambo wa wilaya, akuandikie barua. Beba majina yake yote: la ubatizo, la Kigogo, la baba, la kijiji cha wakati ule. Wengi hukwama kwenye majina.

Kuhusu kaburi, kwa nini mpigane na wazee? Wekeni bamba lake kwenye kaburi la bibi, hapo kichwani. Jina, mgambo, Uganda 1979. Wapitaji watasoma vilevile.

Mwana_Gulwe:
MamaChikande, asante mno. Hilo la bamba wazee wamelipokea, mmoja hata kajitolea saruji. Baba kanuna kidogo, atapoa. Tatizo la majina ni kweli kabisa: bibi alimwita la Kigogo tu, na shangazi hana uhakika aliandikishwa kwa lipi. Jumatatu nakwenda wilayani na yote mawili.