Pistoni haina namba: ni ya Stihl 070 au 090?

Swali: Wakuu, nina pistoni mbili za misumeno ya mnyororo ya zamani, hazina namba wala mshale. Nizitambueje kabla ya kuagiza ringi?

Jibu: Pima kipenyo kwa venia (kalipa ya kupimia) chini kwenye sketi, yaani ubavu wa chini wa pistoni, upande usio na tundu la pini. Kichwani ni nyembamba kidogo, patakudanganya. Karibu milimita 58 ni 070, karibu 66 ni 090. Mwendo (umbali pistoni inaopanda na kushuka) usihangaike nao, zote ni milimita 40.

Jibu: Unene wa ringi pima kwenye mfereji, ringi kuukuu imeshalika. Na wakati wa kufunga, midomo ya ringi (ncha zake mbili zinapokutana) isielekee tundu la ekzosi: itanasa, itakatika, na silinda itachimbika.

Muulizaji: Moja 57.9, nyingine 65.9. Shukrani.