Kwa nini kanisa linatundika bendera za jeshi mpaka zinaoza?

Mtoto_wa_Pangani:
Wakuu habarini za saa hizi. Mimi niko Canterbury huku Uingereza, nimekuja kusoma, na aibu yangu ni kwamba nimekaa miezi minne karibu na ile kathedrali bila kuingia. Jumamosi nikajikaza nikaenda. Mambo ya mmisionari Augustino kufika 597 na askofu Thomas Becket kuuawa mle ndani 1170 nilikuwa nayajua, hayo hata shuleni tulisikia sikia.

Sasa upande wa kulia kuna kikanisa kidogo wanakiita cha Mtakatifu Mikaeli, wengine wanasema cha wapiganaji. Humo kuna kaburi la mama mmoja wa zamani amelazwa katikati ya waume zake wawili (mawe jamani, sanamu), kuna jeneza la jiwe la askofu Langton nusu liko ndani nusu limetoboa ukuta limetoka nje, na ukiinua macho unakuta bendera za jeshi zimening'inia. Na si nzima! Nyingine zimebaki kama chandarua cha bwenini, unahesabu uzi mmoja mmoja, wekundu wote umefubaa umekuwa rangi ya chai iliyopoa.

Kwetu kitambaa cha mimbari kikichanika kidogo tu kina mama wanakishona kabla Jumapili haijafika. Hawa watu wana hela zote hizi wanashindwaje kuzifua na kuzishona? Na swali la pili, bunduki na nyumba ya Mungu wapi na wapi? Naomba mwenye kujua anieleweshe, sitaki matusi.

Mzee_wa_Gwaride:
Kijana umeuliza vizuri. Mimi nimestaafu jeshi hapa Kenya, nimebeba hiyo kitu kwa mkono wangu kwa hivyo wacha nikueleze.

Hiyo si bendera ya kupeperusha kwa ofisi ya chifu. Ni bendera ya kikosi. Zamani vita ilikuwa moshi mtupu, husikii amri, huoni afisa, unatafuta bendera yenu iko wapi ndio ujue wenzako wako wapi. Adui akiichukua hiyo ni aibu ya vizazi. Hao wa Canterbury walikuwa wanaitwa Buffs, na mwaka 1811 huko Albuera, Uhispania, wapanda farasi wa upande wa Ufaransa waliwavuruga vibaya sana, luteni mmoja anaitwa Matthew Latham akang'ang'ania bendera akakatwa mkono, akakatwa uso, akaanguka chini na akaificha chini ya mwili wake. Wakadhani amekufa. Hakufa! Walimuokota baadaye na bendera ikapatikana. Waingereza waliacha kubeba bendera vitani baada ya 1881, siku hizi ni ya gwaride tu.

Sasa kanisa linaingia wapi: bendera mpya haibebwi kabla ya kuombewa. Ngoma za bendi zinapangwa juu ya zingine zinakuwa kama madhabahu, bendera inalazwa hapo, padri wa jeshi anaibariki. Kitu ikishabarikiwa hivyo huwezi kuichoma wala kuifanya matambara ya kupanguza viatu. Ikizeeka inapelekwa kanisani kwa gwaride, inakabidhiwa, inatundikwa na inaachwa. Desturi ni kuiacha iishe yenyewe kama vile mtu anavyozeeka. Ndio maana hakuna sindano hapo.

Sisi Kenya bado tuko na sehemu ya hiyo desturi, angalia gwaride la Jamhuri Dei tarehe 12 Desemba, ile bendera inapitishwa polepole mbele ya kila mstari si maonyesho ya bure, ni askari anaonyeshwa aikumbuke.

Mpwa_wa_Medway:
Shikamoo mzee, umemaliza kila kitu. Naongeza kidogo, mimi nalea wazee majumbani huku Kent, mkoa wenye hiyo Canterbury, mwaka wa tisa sasa, nimesikia stori za hao Buffs mpaka nimekuwa kama memba lol.

Kikosi wanakihesabu tangu 1572, jina la East Kent walipewa 1782. Maana yake vijana walikuwa wanatoka vijiji vya hapa hapa, Faversham, Ashford, Herne Bay, mtoto wa muuza mkate na mtoto wa mchuma hops (maua ya kutengenezea bia) wako kikosi kimoja. Wakifa wengi siku moja msiba unaingia mitaa yote siku moja, sasa mtalilia wapi kama si kanisa kuu? Kwa hiyo msifikirie ni jeshi limevamia kanisa. Ni wafiwa hao.

Halafu kikosi chenyewe hakipo tena. 1961 wakaunganishwa na jirani zao wa Kent ya magharibi, 1966 wakaunganishwa tena, 1992 tena, mpaka leo ni sehemu ya rejimenti inayoitwa ya Princess of Wales. Mzee mmoja niliyekuwa namhudumia alikuwa anasema kwa hasira kabisa kambi imeuzwa, jina limefutwa, kilichobaki ni kile kikanisa. Nikimvalisha koti siku ya kwenda huko lazima nimfunge tai yenye mistari ya kikosi na nikikosea fundo ananirudisha mwanzo.

Wewe Pangani nenda siku ya kazi saa tano kamili asubuhi. Inagongwa kengele ya meli ya kivita iliyoitwa Canterbury, meli yenyewe ya Vita Kuu ya Kwanza, halafu wanafungua kitabu cha majina ya waliokufa wanageuza ukurasa mmoja. Mmoja tu. Kesho yake mwingine.

Mjukuu_wa_Guka:
Stori tamu, lakini wacha mimi niwe mchafuzi wa hali ya hewa. Hao Buffs walikuja Kenya 1953, wakati wa hali ya hatari, kupigana na Mau Mau. Si siri, iko kwa historia. Guka wangu, yaani babu, alitolewa nyumbani usiku na askari wazungu, sisemi ni hao, hata yeye hakuwajua walikuwa kikosi gani, alichojua ni buti na tochi. Alikaa kambini miaka mitatu na akarudi na sikio moja halisikii. Serikali ya Uingereza yenyewe 2013 ilisema inajutia mateso na ikalipa wazee 5,228, guka hakufikisha huo mwaka.

Sasa mimi nikiingia hapo niinamishe kichwa kwa bendera? Nauliza tu. Mzee wa Gwaride na wewe ni Mkenya, niambie.

Mzee_wa_Gwaride:
Mjukuu pole kwa guka. Swali lako ni zito na sitalikwepa.

Kitu moja watu hawajui. Hizo bendera zimeshonwa majina ya vita ambavyo kikosi kilipewa heshima, Albuera iko. Kenya haiko. Hakuna kikosi chochote cha Uingereza kilichopewa heshima ya vita kwa ile kazi ya 1952 na kuendelea. Askari walipewa medali yenye neno Kenya kwa utepe, lakini bendera haikushonwa. Wewe tafsiri vile unataka.

Mimi ningeingia na nisingeinama. Ningetoa kofia basi, kwa sababu ni kanisa.

Kariakoo_Damu:
Mnaongea majina kwenye kitabu, mimi naishi Dar es Salaam mtaa ambao jina lake ni Carrier Corps, yaani kikosi cha wapagazi, limetafunwa na midomo ya watu mpaka likawa Kariakoo, na Nairobi wana Kariokor yao. Wapagazi wa vita ya 1914 hadi 1918 walikufa kwa njaa na kuhara na malaria wamebeba mizigo ya jeshi na wengi hakuna aliyeandika hata jina moja. 2021 tume ya Waingereza inayotunza makaburi ya vita ilikiri yenyewe kwamba watu kati ya 116,000 na 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Sanamu ya Askari pale Posta ndiyo tumepewa wote kwa pamoja, tugawane. Ukurasa wa kugeuza saa tano hatuna.

Mtoto_wa_Pangani:
Asanteni sana wote, sikutegemea uzi ungefika huku.

Nimeenda leo Jumanne. Nimefika saa tano kasoro dakika saba na mfuko wangu wa viazi na sabuni maana nilitoka sokoni. Kengele ikagongwa, watalii wakanyamaza nusu nusu. Sala fupi. Mzee mmoja mwenye viatu vinavyong'aa kuliko vya polisi wa gwaride akashika ukurasa kwa vidole viwili, akaugeuza taratibu kama anamfunika mtoto shuka, akarudi nyuma hatua moja, akasimama wima. Haikufika hata dakika tano, nikaona nimekaa kwenye kiti bila kukusudia.

Mjukuu, sikuinama. Kariakoo, nilipotoka nilijaribu kupiga hesabu, ukurasa mmoja kwa siku kwa watu 350,000 ingechukua miaka mingapi, nikashindwa sijui wanaandika majina mangapi kwenye ukurasa. Nikirudi nitahesabu.

Mahafali yetu wanafanyia humo humo kathedrali. Mama akipata viza nitampitisha pale pembeni kwanza, nataka nimsikie atasema nini kuhusu sindano na uzi.