Antena ndogo ya UWB kwenye FR4: ipi inafaa ghalani?

Fundi_Mwanga: Wakuu, nipo Kigoma. Natengeneza vibao vya kupimia umbali kwa UWB (redio ya bendi pana sana) ndani ya ghala la dagaa, Kibirizi. Antena nachonga mwenyewe kwenye FR4 (bodi ya faibaglasi yenye shaba) ya mm 1.6. Pachi ya kawaida, yaani kipande cha shaba juu ya graundi (shaba ya upande wa nyuma), imenigomea, bendi nyembamba mno. Nikate graundi, nihamie CPW (njia ya kulishia yenye graundi pembeni zake), au Vivaldi (antena ya mdomo unaopanuka kama tarumbeta)?

mtoto_wa_ujiji: Kata graundi, mkuu. Pachi yenye graundi nzima hushika asilimia chache tu ya masafa yake. Bakiza graundi chini ya njia ya kulishia peke yake, inageuka monopoli (antena ya mkono mmoja). Duara la nusu kipenyo mm 10, njia ya mm 3 (ndiyo omu 50 kwa bodi hiyo), unaanzia karibu GHz 3 na kupita 10. Ila roho ya kazi ni ule mwanya kati ya duara na ukingo wa graundi. Wangu niliuchora mm 0.3, dawa ya kuchongea ikala shaba kupita kiasi, S11 (kipimo cha mawimbi yanayorudishwa na antena) ikapanda juu ya kikomo cha -10 dB katikati ya bendi. Nikarudia bodi tatu.

BintiTabora: CPW shaba iko upande mmoja, huhangaiki kulinganisha pande mbili. Lakini ukihamisha mchoro kwa pasi, mianya yake inazibika. Vivaldi sahau, inaelekeza vizuri ila ni ndefu.

Fundi_Mwanga: Asanteni. Nitazibandika ukutani, ghala lenyewe la mabati.

Mzee_wa_Mawimbi: Hapo hapo simama! Iliyokatwa graundi hutoa mawimbi mbele na nyuma. Ukiibandika kwenye bati, bati linakuwa graundi mpya na ulinganifu wote wa antena na njia ya kulishia unavurugika. Yalinikuta. Halafu chipu yako iko chaneli gani?

Fundi_Mwanga: Ya 5, mzee wangu.

Mzee_wa_Mawimbi: Basi unahangaikia nini GHz 3.1 hadi 10.6? Hiyo ni ruhusa ya 2002 ya FCC, mamlaka ya mawasiliano ya Marekani, si lazima uijaze yote. Chaneli 5 ni GHz 6.5, upana MHz 500, kama asilimia 8. Chonga pachi yenye mpasuo wa U, iinue juu ya graundi kwa hewa ya mm 4 hivi ili bendi ipanuke. Graundi nzima inakukinga na bati.

mtoto_wa_ujiji: Hapo mzee kanishinda.

Fundi_Mwanga: Shikamoo mzee! Ya kuinulia natumia skrubu za kawaida?

Mzee_wa_Mawimbi: Marahaba. Za nailoni, na ziwe pembeni.