Chepeo za makamishna na machifu wa Kenya: zibaki au ziende makumbusho?

Mwenye mada

Wadau, tujadiliane bila matusi. Sherehe za Madaraka na Jamhuri zikifika, utamwona kamishna wa kaunti anapokea saluti akiwa na chepeo, ile kofia ngumu ya kukinga jua yenye ukingo, ya umbo lile lile walilovaa ma-DC (wakuu wa wilaya) wa Kiingereza. Msimamo wangu ni kwamba ivuliwe. Chifu abaki, kamishna abaki, hata kaki ikitakiwa ibaki. Chepeo iende makumbusho.

Kama kofia tu, haina kasoro. Umbo lake linahusishwa na salakot ya Wafilipino, ambayo Wahispania waliiga. Kule India Waingereza waliishona kwa moyo mwepesi wa mmea wa sola, unaoota kwenye vinamasi vya Bengal, wakaufunika kwa kitambaa. Ina matundu ya hewa, na ukiilowesha maji inapoza kichwa. Katika vita vya Wazulu mwaka 1879 wanajeshi waliipaka chai ili weupe wake usiwafichue kwa adui.

Kinachoniuma ni imani iliyoibeba. Madaktari wa enzi hizo walishikilia kuwa fuvu la mzungu halistahimili miale ya nchi za joto. Mwaka 1905 daktari wa jeshi la Marekani, Charles Woodruff, alidai kwa maandishi kuwa mwanga wetu unawadhoofisha weupe. Sasa tazama picha za zamani za King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza huku kwetu lililoundwa 1902. Ofisa mzungu ana chepeo. Askari Mwafrika aliye kando yake, chini ya jua lile lile, ana tarbushi isiyo na ukingo wowote. Kama jua ndilo lililokuwa tatizo, mbona huyu hakukingwa? Vita Kuu ya Pili ya Dunia ilipokuja, Waingereza walipigana jangwani na kofia za kawaida wasidhurike, na jeshi lao likaanza kuachana na chepeo. Chepeo ilikuwa inaonyesha nani anatawala na nani anatawaliwa.

Mjukuu wa Chifu

Ndugu, nakuheshimu lakini hapa nakupinga. Babu yangu alikuwa chifu baada ya uhuru. Chepeo yake ikionekana njiani, ugomvi wa mpaka wa shamba ulipoa kabla hajafungua kinywa. Mama aliyepigwa usiku alijua amkimbilie nani. Kwetu ile ni kofia ya mzee wetu, wala hatukumwona mzungu ndani yake.

Na Vietnam je? Waliichukua kwa Wafaransa, wakaitengeneza kwa karatasi iliyoshindiliwa, wakapigana nayo dhidi ya Marekani. Leo wakulima wao wanaivaa shambani. Kitu cha mkoloni kinaweza kuwa chako.

Mwenye mada

Mjukuu, heshima ya babu yako siigusi. Lakini mfano wako wa Vietnam unanisaidia mimi. Wao waliivaa wakimpiga mvamizi, ikapata historia mpya vitani. Yetu ilikuwa kichwani mwa waliosimamia kodi ya nyumba na kipande, yaani kitambulisho ambacho Mwafrika alilazimishwa kukibeba, na wakati wa hali ya hatari ya vita vya Mau Mau kuanzia 1952 ilikuwa kichwani mwa waliowafungia watu vijijini. Uhuru ulipofika, ilihamia kichwa kingine bila mtu kuuliza. Tuliirithi tu. Hatukuiteka.

Msomaji wa Katiba

Mnabishana juu ya kofia, utawala wenyewe mmeuacha. Katiba ya 2010, Jedwali la Sita, kifungu cha 17, iliipa serikali miaka mitano kuupanga upya utawala wa mikoa uendane na ugatuzi. Tulichopata zaidi ni majina mapya. Chifu bado anateuliwa kutoka juu, hachaguliwi na wanakijiji. Mpe bereti au kilemba, mamlaka ni yale yale.

Mwenye mada

Nakubaliana nawe kuhusu uteuzi. Ila kofia ndiyo sehemu ya mamlaka hayo ambayo mwananchi huiona kila siku, na haihitaji kura ya maoni kuiondoa. Mwaka 2018 polisi walibadilishiwa sare kwa amri ya serikali tu. Mwaka huo huo, Oktoba, Melania Trump alivaa chepeo nyeupe katika mbuga ya Nairobi, na alilaumiwa kila pembe ya dunia kwa kutukumbusha ukoloni. Mgeni wa siku mbili tumlaumu, halafu maofisa wetu tuwavishe ile ile kwa kodi zetu?

Mjukuu wa Chifu

Haya, tuseme imevuliwa. Jua la Turkana na Garissa halijapungua. Wavae nini?

Mwenye mada

Kofia yenye ukingo mpana, ya kitambaa kizito, yenye nembo ya taifa, ishonwe hapa hapa. Na iwe moja kwa wote, kuanzia kamishna hadi naibu chifu. Machifu mlio humu, mnaoivaa juani, hatujawasikia bado. Nyinyi mnasemaje?