Mrejesho: ule mpango wangu wa nusu sahani mboga

Asanteni mlionijibu nilipoandika hapa kwamba, ili nipungue mwili, napunguza ugali na kujaza mboga nusu ya sahani. Wengi mlisema kupunguza ugali bila kuuacha kabisa ni kujidanganya, bora nile vitu kama nyama na parachichi. Jamani, kwetu sufuria ni moja. Siwezi kula nyama na parachichi peke yangu huku watoto wanakula ugali dagaa. Kwa hiyo naendelea: nusu ya sahani mchicha au matembele, robo ugali, robo maharage au dagaa. Soda nimeacha, maana nyingi zina sukari gramu 10 hivi kwa kila mililita 100. Suruali ya kazini sasa inataka mkanda, na mchana sisinzii tena. Dada uliyesema nifunge siku nzima, mimi nabeba mizigo sokoni, sitaweza. Wenye kisukari mnaotumia dawa, mwoneni daktari kwanza kabla ya kubadili mlo hivi.